Jinsi Nilivyoziharibu Beti za Babu na Bibi

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne, dahalia ya wasichana

Wasomaji wa jarida hili watakumbuka kwamba katika toleo la muhula uliopita ulichapishwa ukurasa mmoja wa beti za kujibizana, za babu yangu na marehemu bibi yangu. Wengi walinipongeza kwa ukurasa ule, na mzazi mmoja aliyekuja kumtazama mwanawe aliniambia kwamba alicheka mpaka machozi yakamtoka. Nilimshukuru, kwani wakati ule sikujua kwamba alichokicheka sicho alichokiandika bibi yangu. Nimemwomba Mhariri nafasi katika toleo hili ili nieleze mambo yalivyokuwa, naye amekubali kwa sharti kwamba nisimlaumu mtu mwingine. Sharti hilo ni jepesi, maana hapana wa kulaumiwa ila mimi.

Kwanza yanipasa kueleza beti zenyewe zilitoka wapi.

Babu anakaa Kikwajuni, si mbali na majumba ya ghorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki katika miaka ya 1960. Mwaka 1969 alikuwa kijana wa miaka 23, naye akapelekwa Wete, Pemba, kuwa karani wa kupima karafuu. Bibi alikuwa hapa mjini kwa wazee wake. Walikuwa wamekwisha kuonana na kupendana, lakini posa ilikuwa bado, basi wakawa wanaandikiana. Bibi hakusoma skuli. Alisoma chuo akakhitimu, na kusoma na kuandika kwake kulikuwa kwa herufi za Kiarabu tu, kama walivyokuwa wanawake wengi wa zama zile. Kwa hiyo Babu, ambaye kutwa nzima kazini alikuwa akiandika kwa herufi za Kizungu, ilimbidi jioni arudi kwenye herufi za chuoni ili apate kusomwa. Na kwa kuwa barua ya kijana kwa binti wa watu ilikuwa jambo la hatari, waliandikiana kwa beti, ili barua ikishikwa waseme kwamba ni utenzi tu walionakili. Sijui nani angeliamini maneno hayo, lakini hivyo ndivyo Babu anavyosema.

Kila ubeti una mistari minne, na kila mstari una mizani nane. Mistari mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne huishia kwa "ma", ndiyo bahari yake tangu mwanzo hata mwisho. Babu alileta ubeti mmoja kwa kila chombo kilichotoka Wete, na Bibi akampelekea mmoja kwa chombo kilichorudi. Zikawa beti nane za Babu na nane za Bibi, kisha msimu wa karafuu ukesha, Babu akarudi, na mwaka 1970 wakaoana. Baada ya harusi Babu alizinakili beti zote katika daftari moja. Za kwake aliziandika ukurasa wa kulia na za Bibi ukurasa wa kushoto, kwa kuwa katika herufi za Kiarabu kulia ndiko mwanzo. Ukilifungua daftari hilo, kila swali linatazamana na jibu lake.

Bibi alifariki mwaka 2021. Macho ya Babu nayo yameingia mtoto wa jicho, hata sasa haoni maandishi, na pembe za daftari zimekwisha kuliwa na wadudu. Nilipomwomba ruhusa ya kuzichapisha beti zile alikaa kimya siku mbili nzima. Siku ya tatu, baada ya sala ya Alfajiri, aliniita akasema, "Mke wangu," maana ndivyo anavyoniita kwa utani, "mwenyewe amekwenda, na mimi niko njiani. Andika."

Hapo nilifanya kosa langu la kwanza. Ningelikaa chini Babu akanisomea kwa moyo, kwani beti zote anazijua, nami nikaandika. Lakini likizo ilikuwa inakwisha na mimi nilijiona mjuzi, kwa sababu nimesoma chuo na herufi nazijua. Nilizipiga picha kurasa zile kwa simu ya mama na kuzichapa karatasini, nikarudi nazo dahalia, nikazisoma mwenyewe.

Chumba chetu cha kompyuta kina mashine chache kuliko wanafunzi, nasi hukaa wawili wawili. Programu tunayotumia kuandikia ni Microsoft Word. Nilitaka ukurasa wangu ufanane na daftari la Babu, yaani maneno yake upande mmoja na ya Bibi upande wa pili, yakitazamana. Nilianza kwa njia ya kijinga. Niliandika mstari wa Babu, nikabonyeza kitufe cha nafasi mara nyingi, kisha nikaandika mstari wa Bibi mbele yake. Mistari ya Bibi ilikwenda upogo kama safu ya watoto wa darasa la kwanza siku ya kwanza. Mwalimu mmoja mzee, aliyejifunza kupiga taipu zamani, alikuwa akipita nyuma yangu akacheka. Alinieleza kwamba katika taipu za zamani kila herufi ilikuwa na upana mmoja, "i" na "m" zikichukua nafasi sawasawa, na kwa hiyo mpiga taipu aliweza kuhesabu nafasi na safu zake zikasimama wima. Katika kompyuta herufi za kawaida hazina upana mmoja. "I" ni nyembamba na "m" ni nene, na nafasi ishirini baada ya neno hili hazifiki mahali pamoja na nafasi ishirini baada ya neno lile.

Ndipo mwenzangu wa mashine akanionyesha amri ya Safu. Unachagua safu mbili, na papo hapo ukurasa unagawika katikati kama ukurasa wa gazeti. Nilifurahi kupita kiasi. Niliandika beti zote nane za Babu katika safu ya kushoto. Chini yake nikaweka alama ya kuikata safu, ile inayoyalazimisha maneno yanayofuata kupanda juu ya safu ya pili, na huko nikaandika beti nane za Bibi. Kila ubeti ulikuwa na mistari minne na mstari mmoja mtupu chini yake. Ubeti wa kwanza ukatazamana na wa kwanza, wa pili na wa pili, mpaka wa nane. Nilizihesabu mara tatu. Wakati ule kila kitu kilikuwa sawa, na lau ningeliondoka hapo mezani nisingekuwa na habari ya kuandika leo.

Usiku wa mwisho kabla ya jarida kupelekwa kuchapwa niliambiwa kwamba msomaji hatajua beti hizi ni za nani, na kwamba ziandikiwe maneno machache ya kuzitambulisha. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni na ulirudi saa tatu. Nilikimbia, nikafungua faili, nikaweka utambulisho juu ya ubeti wa kwanza wa Babu. Ulikuwa mistari minne, na chini yake nikaacha mstari mmoja mtupu ili upendeze. Nikaufunga.

Msomaji mwenye akili kunishinda amekwisha kuona kilichotokea. Mistari minne na mmoja mtupu ni urefu wa ubeti mmoja kamili. Safu yote ya Babu ilishuka chini kwa ubeti mmoja, na safu ya Bibi, kwa kuwa imefungwa juu ya safu ya pili, haikujongea hata kidogo. Lau utambulisho ungelikuwa mistari mitatu au mitano, mistari ingelipishana na kila mtu angeliona kwamba pana kasoro. Lakini ulilingana sawasawa, na ukurasa ukawa mzuri wa kutazama. Mhariri aliutazama akaupitisha, na wapigaji chapa nao hawakuwa na sababu ya kuushuku. Ubeti wa tano wa Babu ukasimama na wa sita wa Bibi, na wa sita wake na wa saba wa Bibi.

Likizo ilipofika nilikwenda Kikwajuni na nakala mbili. Baada ya Alasiri wazee walikuwa barazani kama desturi yao, wanakunywa kahawa. Mmoja wao ni mwalimu mstaafu mwenye sauti nzuri, naye akaombwa asome. Alisoma kwa mtindo wa kujibizana, wa kushoto kisha wa kulia. Alipofika ubeti wa tano wa Babu akasoma hivi:

Sina nyumba ya fahari,
wala sina hata gari;
je, utakuwa tayari
tukaishi kwa huruma?

Akavuta pumzi, akahamia kulia, akasoma jibu:

Na arudi kwa mamake,
na fedha na duka lake;
mimi si wa kuwa wake,
hata siku ya kiyama!

Baraza zima liliangua kicheko. Mzee mmoja alimwaga kahawa yake. Mwingine, ambaye alimjua Bibi tangu ujana wake, akapiga goti akasema, "Ndiye huyo huyo! Ulimi kama wembe!" Na msomaji, kwa kuwa alikuwa amepata moto, akaendelea na ubeti wa sita, ambapo Babu anauliza habari ya mtu mwingine:

Yuko, nasikia, bwana
mwenye duka na hazina;
akija kwenu mchana,
utajibu neno jema?

Na jibu lililosimama mbele ya ubeti ule likaanza, kwa jinsi nilivyoliandika mimi, "Naja na mto wa papa". Hapo kicheko kikawa kikubwa zaidi. Ubeti huo wa papa una habari yake mbali, nitaieleza mbele.

Babu hakucheka. Alikiweka kikombe chake chini akasema, "Soma tena." Mwalimu mstaafu akasoma tena ule wa tano na jibu lake. Babu akasema, "Hakunijibu hivyo."

Wazee hawakuwa na nia mbaya. Mmoja alimwambia kwa upole, "Sheikh, miaka imepita hamsini na zaidi. Pengine umesahau. Hiki ni kitabu, kimepigwa chapa." Wengine wakaitikia. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe, nikanyamaza, kwa sababu nami niliamini ukurasa wangu. Katika daftari lile nilikuwa nimesoma kila ubeti peke yake, herufi kwa herufi, nikihangaika na nukta. Sikupata kuzisoma swali kwa jibu. Kwa hiyo hata mimi sikujua kwamba jibu lile silo.

Usiku, baada ya chakula, Babu aliniita chumbani kwake. Hakuniita kwa utani. Alisema, "Mjukuu wangu, niambie kweli, wala usinifiche. Ndivyo alivyoandika? Maana mimi siwezi tena kujisomea, na tangu jioni najiuliza kama miaka yote hii nimekaa na maneno niliyojitungia mwenyewe."

Sitaisahau sauti ile. Nilikwenda kulichukua daftari kutoka kwenye kasha, nikalifungua chini ya taa. Upande wa kulia, ubeti wa tano: Sina nyumba ya fahari. Nikahamisha kidole upande wa kushoto nikaanza kusoma, "Chumba kimoja hutosha", na kabla sijafika mstari wa pili Babu alikuwa amekwisha kuuchukua mwenyewe:

Chumba kimoja hutosha
penye moyo wa bashasha;
dhiki haitanichosha,
kwako nitakuja hima.

Na kweli alikuja. Walianza maisha yao katika chumba kimoja cha kupanga hapo hapo Kikwajuni, na mama yangu alizaliwa katika chumba hicho. Yule wa kurudishwa kwa mamake alikuwa ni mwenye duka wa ubeti wa sita. Nikasoma zote nane, kulia kisha kushoto, na kila jibu lilikuwa mahali pake. Nilipofika ubeti wa saba wa Bibi nikasoma, "Naja na mto wa papa." Babu akanikatiza. "Mto wa nini?"

Inafaa niwaeleze wasomaji wasiosoma herufi zile. Kiarabu hakina herufi ya "p", na waandishi wetu wa zamani walitumia be kwa "b", na kwa "p", na mara nyingi kwa "mb" pia. Kwa hiyo baba, papa, pamba na bamba huweza kuandikwa kwa namna moja, na msomaji hujua kwa maana tu. Babu aliuliza katika ubeti wake wa saba Bibi atakuja na nini nyumbani kwake. Bibi alijibu kwamba atakuja na mto wa pamba, yaani mto wa kulalia, alioushona na kuujaza kwa mikono yake. Mimi nikaufanya mto wenye papa ndani yake. Katika dahalia wenzangu walibishana juu ya fumbo lile siku nyingi. Mmoja alisema papa ni dhiki za ndoa, mwingine akasema ni mawifi. Mimi, Mungu anisamehe, niliwasikiliza nikafikiri kwamba bibi yangu alikuwa na mambo mazito. Mto wenyewe ungalipo. Babu anaulalia mpaka leo, ingawa pamba yake imebadilishwa mara nyingi.

Niliporudi skuli nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wetu wa kompyuta na ukurasa mkononi. Hakunikemea. Alifungua faili langu, akaweka neno moja tu juu ya safu ya kushoto, akabonyeza kitufe cha mstari mpya mara tano, na mbele ya macho yangu Babu akashuka tena huku Bibi amekaa kimya juu. Akasema, "Safu hizi ni safu za gazeti. Maneno hujaza ya kwanza mpaka chini, kisha hupanda juu ya ya pili, kama maji yanavyojaza mtungi mmoja yakamwagikia wa pili. Kwa mashine hii babu yako na bibi yako ni mtu mmoja tu anayesema bila kupumua, nawe umemkata katikati. Haijui kwamba ubeti huu ni jibu la ule."

Nilimwuliza ni vipi basi nitaijulisha. Akaniambia nitumie jedwali.

Nilidhani jedwali ni la hesabu na la orodha ya majina ya wanafunzi na alama zao. Mwalimu alinichorea la safu mbili na mistari minane, na katika kila kijumba nikaweka ubeti mmoja, Babu kushoto na Bibi kulia. Kitufe kile kile cha kuruka nafasi, ambacho kwenye ukurasa wa kawaida husogeza maneno mbele, ndani ya jedwali hukuhamisha kutoka kijumba cha Babu mpaka cha Bibi, kisha mpaka kijumba cha Babu kinachofuata. Ukifika kijumba cha mwisho ukakibonyeza tena, mstari mpya huzaliwa chini. Nikaongeza maneno katika kijumba cha tatu cha Babu kwa makusudi, ili nione. Mstari wote wa tatu ukapanuka, Babu na Bibi pamoja, na iliyo chini yake ikashuka yote pamoja. Nilirudia jaribio hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajiwa, na mwenzangu wa mashine akanung'unika kwamba zamu yake inapita.

Kwa ajili ya utambulisho mwalimu alinionyesha kuongeza mstari juu ya yote na kuviunganisha vijumba vyake viwili kuwa kimoja, hata maneno yakapita juu ya vichwa vya wote wawili. Pia kuna mahali pa kuizuia programu isiukate mstari wa jedwali katikati ukurasa unapokwisha, ili ubeti usibaki nusu huku na nusu kule. Mwisho tuliondoa mistari ya wino inayozunguka vijumba. Jedwali likabaki lakini halionekani, kama nguzo zilizomo ndani ya ukuta wa udongo. Na juu ya kila ubeti nikaweka nambari yake, upande huu na upande ule, ili kosa likitokea tena lionekane na mtoto wa darasa la pili.

Shauri hili la nambari lilitoka kwa mwalimu wa Kiswahili, ambaye alikwisha kupata habari yangu. Alinikumbusha tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mwanachuoni wetu wa hapa Unguja, iliyotoka kamili mwaka 1969, mwaka ule ule wa barua za Babu. Mle Kiarabu na Kiswahili vimewekwa pamoja, na kila aya ina nambari yake, kwa hiyo msomaji hapotei hata akiinua macho. Kisha akanieleza juu ya kitabu cha ngano za Unguja alichokipiga chapa London Edward Steere mwaka 1870, ambaye baadaye alikuwa askofu hapa, na juu ya maisha ya Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el Murjebi, kama yalivyotolewa na W. H. Whiteley mwishoni mwa miaka ya 1950. Vyote viwili vina Kiswahili na Kiingereza vikielekeana. Nilifikiri juu ya wapanga herufi wa zama zile, waliokuwa wakizipanga herufi za risasi moja moja kwa mkono. Wao walikosa amri ya Jedwali, lakini pia walikosa njia ya kuharibu ukurasa mzima kwa kubonyeza kitufe mara tano usiku.

Nilitamani sana kuongeza safu ya tatu yenye maandishi ya Bibi mwenyewe kwa herufi za Kiarabu. Nilifanikiwa nusu. Unapoandika Kiarabu hapana budi uiambie programu kwamba aya hiyo inatoka kulia kwenda kushoto, ama sivyo nukta ya mwisho wa sentensi huruka ikakaa mwanzo, na nambari nayo hupotea upande. Ndani ya jedwali kila kijumba kinaweza kuwa na mwelekeo wake, basi jambo hilo lilikwenda vizuri. Kilichonishinda ni upana wa karatasi. Safu tatu katika ukurasa wa jarida letu zilikatakata mistari ya watu, na mstari wa mizani nane ukikatwa mbili hausomeki. Kwa hiyo nimeweka ubeti mmoja tu wa Bibi kwa herufi alizozijua, ule wa tano, chini ya ukurasa.

Mwisho wa mwezi uliopita niliomba ruhusa, nikaenda Kikwajuni na karatasi ya majaribio kabla haijapelekwa kuchapwa. Safari hii sikuipeleka barazani. Niliketi mkekani chumbani kwa Babu, daftari limefunguliwa gotini na karatasi mkononi, nikasoma kutoka karatasi huku yeye akilinganisha na moyo wake. Alinisahihisha mahali pawili padogo. Kisha akauliza yeye yuko upande gani, na nilipomwambia kushoto hakupendezwa. "Mbona nimehamishwa? Mimi daima nilikuwa kulia." Nikamweleza kwamba katika herufi za Kizungu macho huanza kushoto, na nikimwacha kulia itakuwa Bibi ndiye aliyemwanza. Akafikiri kidogo, akakubali kwamba afadhali ahame.

Wazee wa baraza wamekwisha kupata habari. Yule mwalimu mstaafu alikuja mwenyewe jioni ile kumtaka radhi Babu, naye Babu akamwambia hapana radhi ya kutakwa, alisoma kilichoandikwa. Lakini niliona kwamba ujumbe ule ulimfurahisha, maana aliagiza kahawa ya pili.

Beti zote kumi na sita zimo katika ukurasa wa nyuma wa toleo hili. Katika ukurasa ule mbaya wa muhula uliopita, ubeti wa nane wa Babu ulikuwa umebaki peke yake chini, upande wa pili mtupu, kana kwamba yeye ndiye aliyesema mwisho. Wanaoijua nyumba ile watajua kwamba hilo halijapata kutokea.

Usiku ule, nilipokwisha kumsomea ubeti wa nane wa Bibi, nilinyamaza. Babu akauliza, "Chini yake pana nini?"

"Hapana kitu, Babu. Karatasi tupu."

"Iache hivyo hivyo," akasema, akaniomba nimsogezee mto.